Bei Ikae, Orodha Isogee

Katika biashara ya kuunda mifumo ya kompyuta hapa kwetu kuna imani ambayo imekaa muda mrefu bila kuhojiwa. Inasema kwamba mteja akishakubali bei na kutia sahihi, kila atakachoomba baadaye ni usumbufu, na kazi ya mtaalamu ni kuuzima usumbufu huo kabla haujamaliza faida. Imani hii ina misemo yake inayopita mdomo hadi mdomo: mteja hajui anachotaka, hiyo haikuwa kwenye mkataba, andika kila kitu mapema umfunge. Walio na masomo zaidi huongeza wa nne, kwamba ajaili na bei ya mkupuo ni fahali wawili, hawakai zizi moja.

Naipinga imani hiyo, misemo yake yote minne. Naipinga nikiwa Matasia, kati ya Ngong na Kiserian, ambako vijana wa kazi hii hupanga nyumba, huweka intaneti, kisha huhudumia shule za binafsi, Sacco, maduka ya vifaa vya ujenzi na zahanati kuanzia Rongai hadi Kitengela. Hao ndio wateja wa Kajiado, na wanaishi kwa bajeti iliyopitishwa kikaoni. Wakiuliza bei wanataka namba moja. Na wakishaanza kuutumia mfumo, wataomba ubadilishwe. Mambo hayo mawili ni ya kweli kwa wakati mmoja, wala hakuna msemo utakaolifuta hata moja.

Kwa asiyeifahamu, ajaili ni namna ya kufanya kazi ya programu kwa vipande vidogo. Timu inachukua wiki mbili, inaunda sehemu inayofanya kazi, inamwonyesha mteja, inasikia maoni yake, kisha inachukua wiki mbili nyingine. Jina hilo lilipata nguvu Februari 2001, wataalamu 17 walipokutana Snowbird, katika jimbo la Utah nchini Marekani, wakatoa tamko fupi. Katika tamko hilo walisema wanathamini kushirikiana na mteja kuliko kuvutana juu ya mkataba, na kuyaitikia mabadiliko kuliko kung'ang'ania mpango. Hawakusema mkataba hauna maana. Walisema waziwazi kwamba hata upande wa pili una thamani yake. Wanaodai kwamba ajaili inakataa mkataba wa bei moja wanawatia wazee wale maneno mdomoni.

Tuanze na msemo wa kwanza, kwa kuwa ndio unaobeba mingine. Mteja hajui anachotaka. Hebu tuutazame mfumo wa mishahara, kazi ambayo kila kampuni changa hapa huiona rahisi. Mchukue mfanyakazi mmoja anayelipwa shilingi 50,000 kwa mwezi. Mwanzoni mwa 2023 makato yake ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, yalikuwa shilingi 200. Februari mwaka huo viwango vya Sheria ya NSSF ya 2013 vikaanza kutumika, akakatwa 1,080. Februari 2024 akakatwa 2,160. Februari 2025, 3,000. Ni mtu yule yule, kazi ile ile na mshahara ule ule.

Hapo hatujagusa tozo ya nyumba. Ilianza kukatwa Julai 2023, asilimia 1.5 ya mshahara, yaani shilingi 750 kwa mtu wetu, na mwajiri akitoa kiasi kama hicho. Novemba 28 Mahakama Kuu ikaamua kwamba tozo ile ni kinyume cha Katiba. Januari 26, 2024 Mahakama ya Rufaa ikakataa kuendelea kuisimamisha hukumu hiyo, makato yakakoma. Machi 19 Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ikatiwa sahihi, makato yakarudi. Oktoba 2024 bima ya afya ya NHIF ikaondoka na SHIF ikaingia, na mfanyakazi wetu aliyekuwa akitoa 1,200 akaanza kutoa asilimia 2.75, yaani 1,375. Kisha Desemba 27 mwaka huo huo marekebisho ya sheria za kodi yakaelekeza kwamba SHIF na tozo ya nyumba ziondolewe kwenye mapato kabla ya kodi kupigwa, badala ya mtu kupewa nafuu baada ya kodi. Safari hii haikubadilika namba peke yake. Ulibadilika mpangilio wa hesabu yenyewe, na programu iliyojengwa kwa mpangilio wa zamani ililazimika kufunguliwa ndani.

Sasa mwenye msemo atuambie: katika yote hayo, ni lini mhasibu wa shule au meneja wa Sacco hakujua anachotaka? Alitaka kitu kimoja tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho, kulipa watu wake sawasawa na sheria. Mfumo uliotiwa sahihi Januari 2023 kwa mahitaji yaliyoandikwa siku hiyo, ukakabidhiwa Juni bila kugeuzwa hata nukta, ungekata shilingi 200 mahali pa 1,080. Muuzaji angekuwa ametimiza mkataba neno kwa neno, na mteja angekuwa amenunua mfumo wa kumkosanisha na serikali.

Shule nazo zina habari yao. Aliyeandika mfumo wa shule katikati ya 2022 aliandika akijua kwamba watoto wa gredi ya saba wataenda kwenye shule za sekondari. Desemba mwaka huo serikali ikatangaza kwamba sekondari ya chini itakaa katika shule za msingi, na Januari 2023 watoto wakaripoti huko. Ghafla shule ya msingi ilihitaji ratiba ya walimu wa masomo, ripoti za namna nyingine na karo ya ngazi ambayo mfumo wake haukuwa nayo. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi naye, kwa Sheria ya Fedha ya 2023, aliambiwa kwamba kuanzia Januari 1, 2024 gharama isiyo na ankara ya eTIMS, mfumo wa kielektroniki wa mamlaka ya kodi, haitakubaliwa katika hesabu ya kodi. Wateja wake wakaanza kumdai ankara ambayo mashine yake haikuweza kutoa. Hao wote walipompigia simu muundaji wa programu waliitwa wasumbufu.

Yapo pia mabadiliko yasiyotoka kwa serikali. Mtu anauona mfumo kwa macho yake kwa mara ya kwanza, anaushika, ndipo anapogundua kwamba alichoeleza mezani sicho kinachotendeka kwenye kaunta. Wengi hukuta hapo ushahidi wa mteja asiyejielewa. Mimi nakuta faida kubwa kuliko zote katika kazi hii, na mfano wake tunautumia kila siku mfukoni.

M-Pesa haikuanzishwa kwa ajili ya kutumiana pesa. Vodafone ilipata karibu pauni milioni moja kutoka mfuko wa serikali ya Uingereza, ikaongeza fedha zake, na lengo likawa kuwasaidia wakopaji wadogo kupokea na kulipa mikopo kwa simu. Majaribio yalianza Oktoba 2005, Nairobi na Thika, pamoja na wateja wa Faulu, taasisi ya mikopo midogo. Kikundi cha Nick Hughes na Susie Lonie wa Vodafone kikatazama watu wanavyoitumia huduma. Faulu ilipata tabu kuoanisha malipo hayo na vitabu vyake. Lakini wakopaji walikuwa wanafanya jambo ambalo halikuwa kiini cha mpango: wanatumiana pesa wao kwa wao, wanalipana, wanaziacha kwenye simu kwa usalama wakiwa safarini. Huduma ilipozinduliwa Machi 2007, ulipaji wa mikopo ulikuwa umewekwa kando na kutuma pesa kumekaa mbele. Fungu la fedha lilikuwa na kikomo kinachojulikana. Kilichosogea ni orodha ya kazi. Kama mtu mmoja mwenye mamlaka angepiga meza akasema hiyo haikuwa kwenye mkataba, Kenya ingepata programu nzuri ya kulipia mikopo ya Faulu, basi.

Msemo wa tatu unasema dawa ni mkataba mnene. Kaa na mteja miezi miwili, andika kurasa 80, mpe atie sahihi kila ukurasa, kisha ujenge. Ubaya wa dawa hii ni kwamba inamtaka mteja aamue siku ambayo anajua machache kuliko siku zote. Siku ya kwanza hajaona skrini hata moja. Karani wake hajajaribu kuingiza risiti hata moja. Ndiyo siku tunayomlazimisha kutoa kauli ya mwisho, kisha tunashangaa kauli hiyo isipodumu. Na kwa kuwa anajua mlango utafungwa, mteja mwerevu hutupia kwenye orodha kila kitu anachoweza kukifikiria: moduli ya maktaba kwa shule yenye kabati moja la vitabu, ripoti 40 ambazo hakuna atakayezifungua. Mkataba mnene hauondoi gharama ya mabadiliko. Unaigeuza kuwa gharama ya vitu visivyohitajika, na unailipisha mapema.

Tazama kazi ya mjengo, ambayo Matasia nzima inaifahamu kwa jinsi nyumba zinavyochipuka upande huu wa vilima vya Ngong. Jiwe ni zito kuliko herufi za programu. Ukuta ukishasimama, kuuhamisha ni nyundo na vumbi. Hata hivyo mkataba wa kawaida wa ujenzi uliotolewa na Joint Building Council mwaka 1999 haukuota kwamba mwenye nyumba hatabadilisha nia. Umeweka masharti ya mabadiliko: msanifu wa majengo anatoa agizo kwa maandishi, mkadiriaji anapima thamani yake, hesabu inaongezwa au kupunguzwa. Ikiwa waliojenga kwa saruji wameyapangia mabadiliko njia yake, sisi tunaojenga kwa maandishi yanayofutika tuna udhuru gani?

Kuna kundi la pili la wapinzani, na hawa nawaheshimu zaidi, kwa sababu wameona kwamba mkataba mnene haufai. Wao wanasema tuachane kabisa na bei ya mkupuo. Mteja alipe kwa saa au kwa mwezi, abadilishe anavyotaka, kazi iishe itakapoisha. Ushauri huo umeandikwa na watu wenye wateja wa namna nyingine. Sacco ya wafugaji au ya wanabodaboda hupeleka makadirio yake kwenye mkutano mkuu wa mwaka, wanachama wanayapitisha kwa mikono juu, na kamati ikizidisha inaulizwa mwaka unaofuata mbele ya wote. Mwenyekiti hawezi kurudi mkutanoni na kusema alitia sahihi hati ya gharama isiyo na mwisho. Mwenye shule anajua karo itaingia mara tatu kwa mwaka, na anajua kiasi kitakachobaki baada ya mishahara. Kumwambia mtu huyo alipe kwa saa ni kumbebesha hatari yote peke yake, ilhali wewe ndiwe unayejua kazi itachukua saa ngapi.

Serikali ya kaunti nayo haina hiari. Kifungu cha 139 cha Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya 2015 kinasema bei ya kandarasi haiwezi kupandishwa ndani ya miezi 12 tangu kutiwa sahihi. Baada ya hapo, kiasi cha bidhaa na huduma hakiwezi kuongezeka kwa zaidi ya asilimia 15, kiasi cha kazi za ujenzi kwa zaidi ya asilimia 20, na mabadiliko yote yakijumlishwa hayawezi kupandisha bei kwa zaidi ya asilimia 25 ya ile ya kwanza. Kila badiliko linahitaji idhini ya maandishi. Anayetaka kufanya kazi na Kajiado au kaunti nyingine yoyote kati ya zile 47 atafanya kwa bei iliyowekewa mpaka. Kumhubiria mteja wa aina hiyo malipo ya saa ni kuiacha kazi ichukuliwe na kampuni inayopenda mkataba mnene, na wananchi ndio watakaorithi mfumo usiotumika.

Kundi la tatu halina hoja. Lina woga tu, na ndilo kubwa kuliko yote. Ni wale wanaokubali kila ombi bila neno. Mwenyekiti anatuma ujumbe wa sauti kwa WhatsApp saa tatu usiku, "Kijana, ongeza tu hako kakitu," na kijana anaongeza. Mweka hazina anaongeza chake. Meneja anakuja na kingine kinachopingana na cha mwenyekiti. Hakuna aliyeandika, hakuna aliyepima. Huo huitwa uungwana, na wengi huamini kwamba ndio ajaili yenyewe. Mimi nauita kudhulumiana polepole. Anayelipa kwanza ni kijana mwenyewe, kwa wikendi zake na usingizi wake. Anayefuata ni mteja, maana kazi inayofanywa bure hufanywa haraka, na makosa yake hujificha mpaka siku ya kufunga mwaka. Mwisho wake unajulikana: simu zinaacha kupokelewa, mfumo unabaki nusu, na Sacco inarudi kwenye vitabu vya kaunta ikisema watu wa kompyuta ni matapeli.

Basi, kama mkataba mnene haufai, malipo ya saa hayawezekani na kukubali kila kitu ni maangamizi, kinabaki nini? Kinabaki kitu ambacho imani ile haijawahi kukitenganisha. Bei ya mkupuo inafunga fedha na muda. Haina lazima ya kufunga orodha. Mteja anaponunua kazi ya miezi mitatu ya timu ya watu watatu, amenunua uwezo wenye ukubwa unaojulikana. Ndani ya ukubwa huo, akitaka kitu kipya, na kiingie. Lakini kitakapoingia, kingine chenye uzito sawa, ambacho kazi yake haijaanza, kitoke. Jeff Sutherland, mmoja wa wale 17 wa Snowbird, amekuwa akitetea mkataba wa namna hii kwa miaka mingi: badiliko halilipiwi ikiwa mteja anatoa sawa na anachotia.

Niuonyeshe utaratibu huo kwa karibu. Tuseme shule ya binafsi imeagiza mfumo. Orodha ina rekodi za karo, mahudhurio, malipo ya Paybill yanayojiandika yenyewe kwenye akaunti ya mtoto, ripoti za muhula, usimamizi wa basi na maktaba. Siku ya kwanza timu inakipima kila kipengele kwa kipimo chake yenyewe, tuseme kwa alama. Mahudhurio ni alama 3, karo 13, Paybill 13, ripoti 8, basi 5, maktaba 8. Jumla ni 50, na bei imewekwa juu ya 50 hizo. Alama hizo zinaonyeshwa mteja na zinawekwa ndani ya mkataba.

Wiki ya sita, karo na Paybill zimeshafanya kazi. Mwalimu mkuu ameona kwamba wazazi wanalipa, na sasa anataka salio liwafikie kwa ujumbe mfupi kila Ijumaa. Timu inapima: alama 8. Maktaba haijaanzwa, nayo ni 8. Swali linaloulizwa mezani ni moja, tena la heshima: "Mwalimu, ujumbe wa salio na maktaba, kipi kitakusaidia zaidi muhula huu?" Anajibu bila kusita, kwa sababu anajua shule yake. Maktaba inatoka na ujumbe unaingia, kisha pande zote mbili zinaandika mstari mmoja: tarehe, kilichoingia, kilichotoka, nani ameidhinisha. Bei haikusogea hata shilingi. Siku ya kukabidhi haikusogea. Na shule imepata kinachofaa zaidi kuliko kilichoandikwa.

Mwenye kushindana ataniuliza: je, sheria ikibadilika, kama ile ya Februari au ya Desemba, mteja atoe nini ilhali hakuomba yeye? Swali ni la haki, na jibu lake ni kwamba maombi yote hayafanani, na ni kosa kuyatia yote katika kapu moja. Yako matatu. La kwanza ni kosa letu: tuliahidi karo ijumlishwe sawasawa, haijumlishwi. Hilo tunalirekebisha bure, wala tusithubutu kuliita badiliko. La pili ni wazo jipya la mteja, nalo linaingia kwa kubadilishana kama tulivyoona. La tatu ni sheria au agizo la mamlaka. Hilo halina mwenye kosa, kwa hiyo linapangiwa akiba tangu mwanzo, alama kadhaa ndani ya bei ile ile, zimeandikwa wazi kwamba ni za mabadiliko ya sheria. Mwaka ukipita bila badiliko, mteja anazitumia alama hizo kwa kitu kingine anachokitaka. Zikiisha kabla ya mwaka, tunakaa mezani na tunazungumza bei tukiwa na maandishi, bila kelele. Aliyeona 2023 na 2024 hawezi kusema kwamba mabadiliko ya sheria ya makato hayatarajiwi nchini Kenya. Anayeyaacha nje ya bei kwa sababu anataka kushinda zabuni anajua anachofanya.

Atakuja na la pili: alama ni za kubuni, timu itapandisha ukubwa wa kila ombi ili imkwamishe mteja. Ndiyo, timu isiyo na uaminifu inaweza. Lakini orodha ya kwanza imeshapimwa hadharani kabla ya ugomvi wowote kuzuka, na hiyo ndiyo mizani. Ikiwa mahudhurio ya shule nzima yalikuwa 3, kitufe cha kuchapisha risiti hakiwezi kuwa 8, na mwalimu mkuu asiyejua kompyuta ataliona hilo. Mkataba mnene haumpi mteja silaha hiyo. Humpa kurasa 80 na wakili.

Na la tatu, ambalo kweli huua kazi nyingi: wateja wa kwetu ni kamati, na kila mwanakamati ana amri. Utaratibu huu hausimami bila mtu mmoja wa upande wa mteja mwenye neno la mwisho, anayetajwa kwa cheo chake ndani ya mkataba. Mwenyekiti akituma ujumbe usiku, ajibiwe kwa adabu: "Shikamoo mzee, nimeusikia. Tafadhali umpitie meneja, ndiye aliyepewa kuidhinisha." Vijana wengi wanaogopa kumwambia mzee hivyo. Nawaambia kwamba mzee anayeendesha Sacco anaelewa utaratibu wa kuidhinisha kuliko wao. Hajawahi kumpa mwanachama mkopo kwa ujumbe wa sauti. Kumheshimu ni kumpa utaratibu ule ule anaouheshimu mwenyewe.

Namna hii inakaa vizuri hata ndani ya Kifungu cha 139. Bei ya kaunti haipandi kwa kubadilishana vipengele vya uzito sawa, na kila mstari umeandikwa ili mwenye mamlaka auidhinishe. Lakini hati ya zabuni iseme hivyo tangu inapotangazwa: itaje alama, namna ya kupima, akiba na mwenye kuidhinisha. Hapo ndipo maofisa wetu wa ununuzi na wa teknolojia wana kazi ya kufanya. Wakiendelea kutangaza zabuni zenye orodha iliyogandishwa, wataendelea kupokea mifumo iliyogandishwa.

Nimekusudia kuwa mkali kwa sababu wanaoumia katika jambo hili ninawajua kwa kazi zao. Ni karani wa karo anayejaza daftari la pili pembeni kwa kuwa mfumo ulionunuliwa haukubali kurekebishwa. Ni mfanyakazi wa usafi ambaye mshahara wake umekatwa vibaya miezi mitatu mfululizo. Ni kijana aliyeacha taaluma akiwa bado na miaka 26 kwa kuchoshwa na kazi zisizo na malipo. Hakuna hata mmoja wao aliyeletewa dhiki na badiliko lenyewe. Wameletewa na watu waliokataa kulipangia njia, wengine kwa kujiona wajuzi, wengine kwa kuogopa kusema.

Kwa hiyo, wenzangu wa kazi hii, kabla ya kutia sahihi mkataba unaofuata, pimeni orodha mbele ya mteja, andikeni akiba ya sheria, mtajeni mwenye neno la mwisho, kisha mfunge bei na muda na kuiacha orodha wazi. Nanyi wateja, mkiona muuzaji amekuja na bei moja bila kueleza mabadiliko yataingiaje, msimpe kazi. Atawaambia mnamsumbua, na mtakuwa mmeshalipa.